Ngamia Wanaorudi Wenyewe

Mtu anayekwenda kuomba msamaha hupanda gari la kwanza alfajiri, huketi kimya dirishani, na hafungui mdomo mpaka afike. Nakuleu aliamka jua limeshapanda, akanywa vikombe viwili vya chai, akazipaka mafuta shanga zake za shingoni mpaka zikameta. Alipotoka nje ya chumba chake cha Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, alimkuta Deeqa amejilaza kwenye kiti cha dereva cha Probox, miguu ameitoa dirishani.

"Abaayo, dada yangu," Deeqa alisema bila kufumbua macho, "nilidhani wakosaji huwahi."

"Ndiyo maana sina haraka."

"Haya, ingia. Na usikalie katoni ya tambi, ni ya wenyewe."

Deeqa alikuwa binti wa Nuur, msafirishaji wa Kakuma, Msomali ambaye malori yake yalijulikana kutoka Lodwar hadi Lokichoggio. Baba alibaki na malori, binti akachukua Probox, na kila wiki alipeleka sukari, tambi na majani ya chai kwenye maduka madogo ya njiani. Alikutana na Nakuleu chuoni Lodwar, walipokuwa wakisomea diploma, mmoja biashara na mwenzake utangazaji. Walishiriki chumba, sufuria na wembamba. Sasa Deeqa alikuwa amenenepa kidogo, Nakuleu hakuwa, na jambo hilo lilikuwa mzaha wao wa kudumu.

Waliondoka mjini madirisha yote yakiwa wazi. Lami ilikuwa imenyooka mbele yao, mikoma imesimama kando ya laga, mto wa msimu uliokauka, na mbuzi wakivuka barabara kwa maringo ya watu waliolipia.

"Niambie tena," Deeqa alisema. "Ulisema nini hasa?"

"Umesikia mara ngapi?"

"Nataka kusikia ukisema kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa wambea wa Kakuma. Kule wanasema ulimtaja na mamake."

Kosa lenyewe, kama lilikuwa kosa, lilitendeka hewani. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari, redio ya jamii aliyofanyia kazi Nakuleu ilisoma matangazo ya mifugo iliyopotea. Hakikuwapo kipindi kilichosikilizwa kama hicho. Wachungaji walisimama na redio zao begani, wanawake waliacha kutwanga, na hata polisi wa kizuizini walipunguza kelele. Nchi hiyo ngamia mmoja wa maziwa ni uhai wa nyumba nzima, na anapopotea, watu hawatafuti kwa macho peke yake. Wanatafuta kwa masikio pia.

Wiki hiyo tangazo lilitoka kwa Nabei, mjane wa Kalobeyei. Ngamia jike, rangi ya mchanga, mwenye chapa ya moto shingoni upande wa kushoto. Nakuleu alilisoma kama ilivyo. Kisha, kwa kuwa alikuwa na nusu dakika ya ziada na kwa kuwa sauti ya yule mjane kwenye simu ilikuwa bado inamkwaruza moyoni, akaongeza lake. Alisema: "Na wewe uliyemfungia bomani kwako ukachoma chapa mpya juu ya ile ya zamani, jua kwamba kovu la kwanza huonekana tu. Mfungulie mlango usiku wa leo. Yeye anajua kwao."

"Basi?" Deeqa aliuliza.

"Basi."

"Hakuna jina?"

"Hakuna jina, hakuna ukoo, hakuna kijiji."

"Na Ejore akasema ni yeye."

"Asubuhi na mapema. Alimpigia Maryanne kabla hajafika ofisini."

Deeqa alicheka mpaka gari likayumba. Ejore alikuwa dalali mkubwa wa mifugo hapo Kakuma na mwenyekiti wa kamati ya wasikilizaji wa redio hiyo hiyo. Ndiye aliyekuwa amehangaika na ofisi nyingi mpaka mnara wa kurushia matangazo ukasimamishwa upande wao. Kwa hiyo Maryanne, msimamizi wa kituo, alipousikiliza mkanda na kuurudia na kuukosa ubaya, alibaki amekishika kichwa. Alimwambia Nakuleu waziwazi: leo, mbele ya wazee, kwenye soko la mifugo la Kakuma, aombe msamaha. Asipoomba, kesho jioni kipindi kitasomwa na mtu mwingine. Akamwekea mkononi mfuko wa tumbaku ya kutafuna, kwa sababu kwa wazee wa Kiturukana hakuna anayekwenda kuomba radhi mikono mitupu.

Mfuko huo ulikuwa sasa umekaa juu ya dashibodi, ukinuka gari zima.

"Na wewe unataka nini?" Deeqa aliuliza, safari hii bila kucheka.

Nakuleu alitazama nje. "Nataka kipindi changu," alisema. "Hilo silifichi. Kazi nyingine sijui, na sitaki kujua."

*

Kituo cha kwanza kilikuwa vibanda kumi hivi vya mabati na kimoja cha makuti ya mkoma. Katika hicho cha makuti, mwanamke aliyeitwa Christine alipika chai ya maziwa ya ngamia, nyeusi kwa majani na tamu kupita kiasi. Deeqa alishusha sukari dukani, Nakuleu akaketi kwenye benchi na kuagiza.

"Ejoka," alisalimu kwa Kiturukana.

"Ejok nooi," Christine alijibu, kisha akasimama na birika mkononi. "Ngoja. Hiyo sauti najua. Wewe ni ule msichana wa ngamia!"

Neno likaenda nyuma ya kibanda, likarudi na ajuza watatu waliokuwa wakitunga shanga. Walimzunguka Nakuleu, wakamgusa mashavu, wakamtazama meno.

"Mwembamba hivi!" mmoja alisema. "Na maneno makubwa hivyo yanatokea wapi?"

"Ata, bibi zangu, chakula chote kinaishia kwenye ulimi," Deeqa aliwaambia akiwa mlangoni, na vicheko vikalipuka.

"Ulimpiga vizuri," ajuza wa pili alisema, akisogea karibu na kushusha sauti kwa namna ambayo kila mtu angeweza kumsikia. "Yule mtu wa hapa. Wa nyuma ya shule. Tangu siku hiyo hapiti hapa kunywa chai."

"Mtu gani, ata? Mimi simjui mtu yeyote wa hapa."

"Haya, haya. Hujui." Akamkonyeza. "Na sisi pia hatujui."

Christine alikataa katakata kuwatoza chai. Wale ajuza nao waliomba tumbaku. Waliomba kama Waturukana wanavyoomba, bila kuzunguka na bila haya, mkono umenyooshwa: nipe. Harufu ilikuwa imewafikia tangu gari lilipozimwa. Nakuleu aliutazama ule mfuko, akawatazama na wao. Akaufungua, akawagawia konzi moja moja.

"Hiyo si ya wazee wa Kakuma?" Deeqa aliuliza walipoondoka.

"Imebaki nyingi."

Njia ilikuwa tupu na jua limetulia juu ya mawe. Mahali fulani watoto wawili walisimama kando ya lami wakiinua chupa tupu, na Deeqa akasimama kama anavyosimama siku zote, akatoa mtungi na kuwajazia. Wakakaa hapo kidogo chini ya mgunga, milango wazi, wakila tende.

"Mimi kuna kitu sijawahi kukuuliza," Deeqa alisema. "Mbona matangazo yako huwa mafupi? Ngamia ana alama nyingi. Wewe unasema rangi na chapa, unakomea hapo."

"Nikisema zote, kesho watakuja watu ishirini kudai kwamba ni wao. Alama moja huwa naiacha. Mwenye mali anatuambia, tunaiandika, lakini hewani haitoki. Anayempata ngamia akileta habari, tunamuuliza: na kitu gani kingine? Huyu wa Nabei sikio la kulia limekatwa, pembe mbili ndogo kama mkia wa mbayuwayu. Ndiyo alama ya nyumba ya marehemu mumewe. Tunaijua mimi, Maryanne na Nabei."

"Na mimi sasa."

"Na wewe, na mdomo wako nitaushona."

"Walaahi, sishoneki," Deeqa alisema, akawasha gari.

*

Walifika senta ya Makutano wakati wa adhuhuri. Duka kubwa la hapo lilikuwa la Guled, binamu ya Deeqa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba ambaye aliweka redio juu ya gunia la mchele na kuizima wakati wa sala tu. Aliwatandikia mkeka barazani, akawaletea wali na nyama ya mbuzi, na kabla hawajanawa mikono akaanza.

"Dada Nakuleu, wewe ni mtu wa hatari. Umenisumbua usingizi."

"Nimefanya nini tena?"

"Mimi nalala hapa mbele ya duka, kwa sababu ya joto. Alfajiri ile, baada ya tangazo lako, nasikia puu, puu, puu. Nafungua macho. Ngamia anapita barabarani peke yake. Hana mchungaji, hana kamba. Nikasema ametoroka. Kesho yake, mwingine. Anakwenda upande wa pili. Anatembea hivi." Guled aliinuka, akainua kidevu na kutembea barazani kwa hatua ndefu za dharau, tumbo likimtangulia. "Kama mtu ametoka kazini anaenda kwake."

"Walifunguliwa," Nakuleu alisema polepole.

"Sasa je! Wote walikuwa na chapa mbichi shingoni, inang'aa bado. Watu walisikia redio, wakaogopa, wakafungua mlango gizani. Hakuna aliyewashika, hakuna aliyewapeleka polisi. Kimya kimya tu."

"Na wa Nabei?"

"Wa Kalobeyei? Huyo sijamwona. Huyo hangepita hapa, kwao ni mbele, kupita Kakuma."

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake kivulini, kofia ya manyoya ya mbuni kichwani, aliinuka na kuja. Hakujua Kiswahili kingi. Alisema kwa Kiturukana, na Nakuleu akamfasiria Deeqa: mmoja wa wale ngamia alikuwa wake. Alikuwa amepotea tangu kabla ya mvua, naye alikuwa amekwisha kumlilia na kumsahau. Asubuhi moja mkewe alitoka nje akamkuta amesimama mlangoni pa boma, akingoja kukamuliwa. Watoto walimkimbilia kama mgeni kutoka Nairobi.

Kisha yule mzee alimtemea Nakuleu mate mepesi kichwani, baraka ya kwao, na papo hapo akanyoosha mkono: nipe tumbaku.

Nakuleu aliingia garini, akauchukua mfuko mzima na kumpa.

Deeqa alingoja mpaka walipokuwa tena barabarani. "Sawa," alisema. "Umegawa yote. Sasa mbele ya Ejore utatoa nini?"

"Sijui bado."

"Unajua. Ninakujua ukijua."

Nakuleu aliutoa mkono dirishani, upepo ukaupiga. Alikuwa ametoka Lodwar akidhani atapima: kipindi upande mmoja, maneno mawili ya kumtuliza mzee upande wa pili. Maneno mawili ni mepesi. Angeweza kuyasema akiwa na tende mdomoni. Lakini sasa aliwaona wale ngamia wakitembea alfajiri, na alijua fika kitakachotokea jioni ile ile atakapoinamisha kichwa. Habari itapita njia nzima kabla Probox haijageuza. Yule wa nyuma ya shule atarudi kunywa chai. Kila aliyekuwa na mkono kwenye komeo atauondoa, aseme: kumbe yalikuwa maneno tu, amekwisha kuyafuta.

"Endesha," alisema. "Polepole hivyo hivyo."

*

Soko la mifugo la Kakuma lilikuwa kwenye uwanja wa vumbi, si mbali na laga la Tarach. Mbuzi walikuwa wamekwisha kununuliwa na kupakiwa, na madalali wa kila lugha, Waturukana, Wasomali, Wadinka na Wakongo, walikuwa wakinywa soda. Wazee walikaa nusu duara kwenye vigoda. Ejore alikuwa katikati, koti la kijivu, fimbo nyeupe mapajani, sura ya mtu anayengoja kupigwa picha. Nabei alikuwa amesimama nyuma kabisa, mwanamke mfupi aliyejifunga shuka iliyopauka, peke yake.

Mzee aliyeongoza kikao alimpa Ejore nafasi kwanza.

Ejore aliongea vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alieleza jinsi alivyoipigania redio, jinsi mnara ulivyosimama, jinsi kijana aliyefundishwa kwa jasho la jamii alivyomgeuka na kumwita mwizi mbele ya Turkana nzima.

"Apa, baba yangu," Nakuleu alisema alipomaliza, "nilitaja jina lako?"

"Kila mtu alijua ni mimi."

"Huko nilikotoka walijua ni mtu wa nyuma ya shule. Makutano walijua ni watu wengine kabisa. Nimepita senta zote, kila moja ina mtu wake. Hakuna hata mmoja aliyedai nimwombe msamaha. Umekuja wewe tu."

Watu walicheka. Hata mzee wa kikao alifunika mdomo. Ejore alisimama, na hasira ikamfanya aharakishe maneno, jambo ambalo dalali hapaswi kulifanya kamwe.

"Mnacheka? Ngamia aliye kwangu nilimnunua mpakani, Nadapal, kwa mashahidi! Chapa ni yangu. Na lile sikio liliraruliwa na fisi! Hakuna mtu aliyelikata! Fisi!"

Vicheko vilikatika kwa pamoja.

Deeqa, aliyekuwa ameegemea gari, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeahidiwa kushonwa.

Nabei alipita katikati ya watu. Hakupaza sauti. "Sikio gani, Ejore?" aliuliza. "Redio ilisema rangi na chapa. Nani alisema habari ya sikio?"

Ejore alimtazama, akamtazama Nakuleu, akainama kuiokota fimbo iliyomwanguka.

"La kulia," Nabei aliendelea. "Pembe mbili. Alikata mume wangu, mimi nikiwa nimemshika kichwa. Fisi wako alikata hivyo?"

Wazee waliinamiana. Walinong'ona kwa muda mrefu, na Ejore akakaa tena kwenye kigoda akichora chora mchangani kwa ncha ya fimbo. Hatimaye yule mzee wa kikao alisafisha koo. Alisema vijana wawili waende bomani kwa Ejore pamoja na Nabei, sasa hivi, wamtazame huyo ngamia, na kama alama ni hiyo, Nabei aondoke naye, na jambo hilo lisizungumzwe tena. Nabei hakungoja vijana. Alikuwa amekwisha kuondoka.

Hapo Nakuleu akageuka kuelekea garini.

"Binti," mzee alimwita. "Hatujamaliza."

Akarudi.

Uso wa yule mzee ulikuwa mpole, na upole huo ndio uliokuwa mgumu. "Habari ya ngamia ni ya ngamia. Lakini Ejore ni mtu mzima. Mbele ya watu hawa wote ameaibika, na wewe ni mtoto wa kuzaliwa juzi. Haipendezi aondoke hivi. Mpe neno moja tu la radhi, hata kwa sauti ndogo. Mkubwa wako amenipigia simu, anangoja nimwambie umelisema. Ukilisema, kesho unasoma matangazo yako kama kawaida. Hakuna atakayekuuliza maana yake. Ni neno tu."

Ejore aliinua macho. Kwa kweli alionekana mzee zaidi kuliko alipoanza kuongea, na koti lilikuwa limempwaya mabegani.

Deeqa alisogea mpaka wakagusana mabega. "Sema, abaayo," alinong'ona. "Umeshashinda. Neno moja, halafu twende kwetu, mama amepika."

Nakuleu alimwonea Ejore huruma, na hakuificha huruma hiyo usoni. Alikiona pia kile chumba kidogo cha Lodwar, kipaza sauti chenye sifongo iliyochakaa, taa nyekundu ikiwaka, na nchi nzima ikinyamaza ili imsikie. Alikipenda kama watu wanavyopenda nyumbani. Akaiangalia mikono yake mitupu, akainua kichwa, na alipoongea aliongea kwa ile sauti ya jioni, ile wanayoacha kutwanga wakiisikia, hata madalali wakazishusha soda zao.

"Apa, wazee wangu, nawaheshimu. Mtu akiniambia nimekosa, akanionyesha kosa, nitapiga magoti hapa hapa kwenye samadi. Lakini njiani kuna watu ambao bado wamefunga ngamia wa wenzao, na leo usiku wanasubiri kusikia kama niliyosema yalikuwa kweli au yalikuwa maneno tu. Mpigieni Maryanne. Mwambieni kipindi ampe anayemtaka. Siombi msamaha, kwa sauti kubwa wala kwa sauti ndogo. Siombi."